Barua Fupi kwa Filemoni: Tuisomeje?

Mhariri wa fungu la Kiswahili amenipa kurasa hizi kwa sharti moja: nisihubiri, maana kuhubiri ni kazi ya mapadri. Basi nitajaribu kufundisha kidogo nilichojifunza, na mwenye kuona kosa anisahihishe katika toleo lijalo.

Jambo lenyewe lilianza hivi. Jumapili alasiri huwa tunakusanyika katika chumba cha mwaka wa sita, kundi dogo la kusoma Maandiko, nami ndiye niliyechaguliwa kuwa kiongozi mwaka huu. Siku moja nilichagua Barua ya Mtakatifu Paulo kwa Filemoni. Sababu yangu ya kuichagua, nasema kweli, ilikuwa ufupi wake. Kulikuwa na mchezo wa mpira saa kumi. Tulipomaliza kusoma, kijana mmoja wa mwaka wa kwanza aliinua mkono akauliza: “Kaka, mbona Paulo hakusema tu, Mwache huru? Mbona alimrudisha?” Wote walinitazama. Nikajibu kwamba mambo hayo ni mazito, tutayaona siku nyingine. Tukaenda kwenye mpira, lakini mpira sikuuona.

Wiki iliyofuata nilimwendea padri anayetunza maktaba, akaniazima vitabu vya Kifaransa vya wataalamu wa Maandiko. Nilivisoma kwa muhula mzima, na haya ndiyo niliyoyapata.

1. Barua yenyewe

Kati ya barua za Paulo tulizo nazo hii ndiyo fupi kuliko zote. Ina aya 25, na katika Kigiriki ina maneno 335 tu. Wanafunzi huiruka kama mtu arukavyo kijito, kumbe maji yake ni ya kina.

Wataalamu wa siku hizi wanakubaliana kwamba barua saba ni za Paulo mwenyewe bila shaka kubwa: kwa Warumi, mbili kwa Wakorinto, kwa Wagalatia, kwa Wafilipi, ya kwanza kwa Watesalonike, na hii kwa Filemoni. Juu ya nyingine, kama ile kwa Wakolosai, wanabishana. Mwaka 1845 mtaalamu wa Kijerumani, F. C. Baur, aliitilia shaka hata hii ya Filemoni, lakini wachache sana walimfuata. Nakala ya zamani ya barua hii iliyobaki ni kipande cha mafunjo kilichohifadhiwa katika mji wa Köln, Ujerumani, kinachokadiriwa kuwa cha karibu mwaka 200.

Habari yake ni hii. Paulo amefungwa. Anamwandikia Filemoni, pamoja na Afia, Arkipo na kanisa linalokutana nyumbani mwao. Anamshukuru Mungu kwa upendo wa Filemoni. Kisha anaomba kwa ajili ya mtu mmoja, Onesimo, ambaye amekuwa Mkristo kwa mkono wa Paulo hapo kifungoni. Anamrudisha kwa Filemoni, akitaka apokewe kama ndugu mpendwa, wala si kama mtumwa tena. Ikiwa Onesimo amemkosea Filemoni au anadaiwa kitu, Paulo anasema deni liandikwe juu yake yeye, naye anatia ahadi ya kulipa kwa mkono wake mwenyewe. Mwisho anaomba atayarishiwe chumba cha wageni.

Angalieni mpango wake. Jina la Onesimo halitajwi mpaka aya ya kumi. Hivyo ndivyo wazee wetu wanavyopeleka posa: huuliza kwanza hali ya nyumba, ya mashamba na ya watoto, na neno lililowaleta hutoka mwishoni, wakati mwenye nyumba amekwisha kulainika.

2. Iliandikwa wapi?

Barua haitaji mji wa kifungo. Watu wa zamani walisema ni Roma, karibu mwaka 60 hadi 62. Wengine husema Kaisaria. Wengi siku hizi huelekea Efeso, karibu mwaka 53 hadi 55. Ubishi huu si wa bure. Barua kwa Wakolosai inamtaja Onesimo kuwa mtu wa Kolosai. Kutoka Kolosai hadi Efeso ni chini ya kilometa 200, safari ya siku chache kwa miguu. Kutoka Kolosai hadi Roma ni zaidi ya kilometa elfu moja, tena kuna bahari ya kuvuka. Kama ni Efeso, basi ile ahadi ya Paulo kuja kulala katika chumba cha wageni ilikuwa ahadi ya karibu, na Filemoni alijua kwamba mgeni atakuja kuangalia kama neno lake limefanyika.

Lakini wanaotetea Roma nao wana hoja: kitabu cha Matendo ya Mitume hakisemi popote kwamba Paulo alifungwa Efeso. Mizani imesimama hivyo, na mwanafunzi mwema haibonyezi kwa kidole.

3. Onesimo alikuwa nani?

Hapa ndipo penye mvutano mkubwa. Nimeyapanga maoni manne, na kila moja nimeliwekea udhaifu wake.

La kwanza ni la wazee. Onesimo alikuwa mtumwa aliyemtoroka bwana wake, labda ameiba, akakutana na Paulo. Hivi ndivyo alivyofundisha Yohane Krisostomo mwishoni mwa karne ya nne, na ndivyo wengi wetu tulivyofundishwa katekisimo. Udhaifu wake: barua haisemi popote kwamba alitoroka. Inasema alitengwa naye kwa kitambo. Krisostomo mwenyewe aliliona jambo hili, akasema Paulo amechagua neno la upole. Wala haisemi aliiba. Inasema “kama” anadaiwa.

La pili lilitolewa na Peter Lampe, Mjerumani, mwaka 1985. Yeye alifungua vitabu vya sheria ya Kirumi. Katika mkusanyo uliotolewa kwa amri ya Kaisari Justinian mwaka 533 imehifadhiwa fikira ya mwanasheria Proculus, aliyeishi katika karne ile ile ya Paulo: mtumwa aliyekwenda kwa rafiki wa bwana wake ili amwombee msamaha hahesabiwi kuwa mtoro. Kwa hiyo Onesimo huenda alifanya hasara nyumbani, akaogopa, akamtafuta Paulo kwa makusudi. Maoni haya yanafaa sana kama Paulo yuko Efeso, lakini ni vigumu kumwona mtu akivuka bahari mpaka Roma kutafuta mwombezi. Tena barua haisemi kwamba Onesimo alikwenda kwa shauri hilo.

La tatu ni la Sara Winter, mwaka 1987. Anasema Onesimo alitumwa na kanisa la Kolosai kumhudumia Paulo gerezani, na sasa Paulo anaomba abaki naye katika kazi ya Injili. Ni kweli Paulo anasema angependa kukaa naye. Lakini kama alitumwa na kanisa, kwa nini Paulo anakiri kwamba hapo kwanza Onesimo hakumfaa bwana wake, na kwa nini anataja deni?

La nne ni la Allen Callahan wa Marekani, mwaka 1993. Anasema Onesimo hakuwa mtumwa kamwe. Alikuwa ndugu wa damu wa Filemoni, nao walikosana. Paulo anasema asipokewe “kama” mtumwa, yaani asitendewe hivyo, na anamwita ndugu katika mwili. Baadhi ya Wamarekani waliopigania kukomesha utumwa katika karne ya kumi na tisa walikuwa wamekwisha kuisoma hivyo. Mwaka 1995 Margaret Mitchell alimjibu, akaonyesha kwamba Wakristo walimhesabu Onesimo kuwa mtumwa hata kabla ya Krisostomo. Wataalamu wengi wamebaki upande huo.

Kwa maoni yangu, Onesimo alikuwa mtumwa kweli. Alitorokaje, au alitumwaje, barua haitupi njia ya kujua kwa yakini. Waandikiwa walijua, kwa hiyo Paulo hakuwa na haja ya kueleza. Tunasoma barua ya watu wengine, na msomaji wa barua ya wengine husikia upande mmoja wa mazungumzo.

4. Maneno matatu ya kutazama

Neno la kwanza ni jina lenyewe. Onesimo katika Kigiriki maana yake ni “mwenye kufaa”. Lilikuwa jina la kawaida la watumwa, maana bwana humpa mtumwa jina la kazi anayoitaka kwake. Paulo anacheza na jina hilo: zamani hakukufaa, sasa anatufaa, wewe na mimi. Lakini hasimami hapo. Baada ya kufaa anakwenda kwenye upendo na undugu. Mtu aliyepewa jina la chombo anaitwa mtoto, kisha anaitwa ndugu.

Neno la pili ni lile la moyo. Kigiriki hapa hutumia neno “splanchna”, maana yake matumbo au viungo vya ndani, mahali ambapo huruma hukaa. Sisi tungesema moyo, au maini. Neno hilo linakuja mara tatu katika barua fupi kama hii. Mara ya kwanza, Filemoni anasifiwa kwa kuwa ameiburudisha mioyo ya watakatifu. Mara ya pili, Onesimo anaitwa moyo wa Paulo mwenyewe. Mara ya tatu, Paulo anaomba: uburudishe moyo wangu. Ungeni sasa hizo tatu. Wewe ni mtu wa kuburudisha mioyo. Huyu ndiye moyo wangu. Basi nawe uniburudishe moyo. Hakutoa amri, lakini amefunga mlango na dirisha. Tena barua ilikuwa ya kusomwa mbele ya kanisa lote nyumbani, na kila mtu angemtazama Filemoni usoni.

Neno la tatu ni la biashara. Paulo anamwambia Filemoni: kama unaniona kuwa mshiriki wako, mpokee huyu kama unavyonipokea mimi. Neno alilotumia ndilo walilotumia wafanya biashara kwa mtu wa ubia. Halafu anasema deni liandikwe katika hesabu yake, kama tunavyoandika katika daftari ya duka. Hapo hapo anamkumbusha Filemoni kwa upole kwamba naye anadaiwa: anadaiwa nafsi yake, kwa kuwa alipata imani kwa Paulo. Hesabu zote zikifungwa, tajiri ndiye mwenye deni kubwa zaidi.

Na kuna neno ambalo halipo. Katika salamu ya kwanza Paulo hajiiti mtume, kama alivyozoea katika barua nyingine nyingi. Anajiita mfungwa. Anapomwombea mtu asiye na uhuru, yeye naye anasimama upande wa wasio na uhuru. Katika lugha yetu mtume na mtumwa ni watoto wa tumbo moja, maana yote mawili yatoka katika kutuma. Kigiriki hakina undugu huo wa maneno. Lakini nilipoisoma barua hii kwa Kiswahili niliona kama lugha yetu imeweka kando ya ukurasa maelezo ambayo Wagiriki hawakuweza kuyaandika.

5. Barua mikononi mwa wasomaji

Msidhani kwamba usomaji ni mchezo wa wataalamu tu. Huko Georgia, Marekani, katika miaka ya 1830, mhubiri mmoja Mzungu aitwaye Charles Colcock Jones aliwahubiria watumwa barua hii. Akatumia mamlaka ya Paulo kulaumu utoro. Yeye mwenyewe aliandika habari kwamba karibu nusu ya watu wakasimama wakaondoka. Watu hao hawakuruhusiwa kusoma, lakini walijua kwamba wamesomewa vibaya. Na sheria ya mwaka 1850 ya kuwarudisha watoro ilipopita huko Marekani, waliokuwako walioitetea kwa mfano wa Onesimo, na waliokuwako walioipinga kwa barua hiyo hiyo, wakionyesha neno “ndugu”.

Watu walewale, aya zilezile. Aliyetaka mtumwa arudi alisoma aya ya kumi na mbili akafunga kitabu. Aliyetaka awe huru alifika aya ya kumi na sita.

6. Swali la yule kijana

Sasa, mbona hakusema, Mwache huru? Wataalamu hutoa majibu kadha wa kadha. Wengine husema Paulo aliamini dunia hii iko karibu kwisha. Wengine husema kanisa lilikuwa dogo, bila nguvu ya kubadili sheria za Kaisari. Wengine husema alidokeza, maana anamalizia kwa kusema anajua Filemoni atafanya hata zaidi ya aliyoombwa. Tena tukumbuke kwamba kwa Warumi mtumwa aliyeachwa huru alibaki chini ya bwana wake wa zamani, akiwa na wajibu kwake. Tunajua hivyo hata kwa barua nyingine ya zama hizo: Plini Mdogo alimwandikia rafiki yake Sabinianus amsamehe mtu aliyekasirikiwa naye, na mtu huyo alikuwa amekwisha kuachwa huru, lakini bado alikuja kwa Plini akilia kwa hofu. Plini anaomba hasira ipoe. Paulo anaomba mtu apokewe kama Paulo mwenyewe. Tofauti hiyo ni kubwa.

Lakini sitaki kumtetea Paulo kupita kiasi. Barua haikuvunja utumwa. Karne nyingi Wakristo waliisoma kanisani, na nyumbani wakawa na watumwa. Hilo ni kweli, na asiyelisema anaficha.

Wakati wa likizo nilimpelekea bibi yangu mzaa mama swali hili. Nilikuwa na sababu. Bibi yake yeye aliletwa utotoni na msafara wa wafanya biashara ya watu mpaka ufuko wa magharibi wa Ziwa Tanganyika. Akakombolewa na mapadri wa Mpala, ambao walifika pale mwaka 1885. Bibi yangu alimkuta akiwa kikongwe. Nikamsomea barua yote, naye alikuwa akichambua maharagwe. Nilipomaliza alinyamaza kidogo, kisha akasema: “Mjukuu wangu, yule bibi yangu aliijua bei yake mpaka siku ya kufa. Vitambaa. Alitushika mikono akatuambia ni vingapi. Mapadri walimlipia, Mungu awalipe. Lakini kwao hakurudi, maana hakuijua njia. Na hata leo, watu wakigombana nasi kisimani, hutuita watoto wa vitambaa.”

Nikamwuliza: “Bibi, Paulo alifanya vema kumrudisha?”

Akasema: “Mimi sijui vitabu. Nataka kujua kama yule Filemoni alimwandalia maji ya kuoga.”

Hilo, wasomaji, barua haisemi. Jibu la Filemoni halikuhifadhiwa. Tunajua tu kwamba barua yenyewe imehifadhiwa, na mtu aliyeipokea angeweza kuitia motoni. Tena mwanzoni mwa karne ya pili, Ignasi wa Antiokia anamtaja askofu wa Efeso aitwaye Onesimo. Mwaka 1935 John Knox wa Marekani alidhani ni yule yule, na kwamba ndiye aliyekusanya barua za Paulo. Ni dhana nzuri, lakini jina hilo walikuwa nalo wengi. Nisingependa kujenga nyumba juu yake.

Jambo moja nimelibakiza. Yule kijana wa mwaka wa kwanza aliyeuliza swali alikuwa ndiye anayenifulia mashati. Mwanzoni mwa muhula niliwahi kumpa daftari mbili na kalamu, hakuwa na fedha, tukapatana alipe kwa kufua. Daftari zilikwisha zamani. Kufua hakukwisha. Na wenzangu walipomwita “boi wangu” mimi nilicheka pamoja nao. Mjukuu wa mtu wa vitambaa alicheka. Kijana yule aliposema “Mbona alimrudisha?” ndoo yangu ilikuwa ikimngoja bombani.

Nilipotoka likizo nilimwita nikamwambia deni limefutwa, nikamwomba radhi. Alinitazama kama mtu anayetafuta mtego, akasema, “Asante, kaka,” akaenda zake. Sikumlaumu. Neno “ndugu” huandikwa upesi, lakini aliyeandikiwa ndiye anayepima kama ni kweli. Sasa nafua mwenyewe kila Jumamosi, na wenzangu wa mwaka wa sita wananiuliza kama nimeugua.

Maswali ya kujipima

1. Someni barua yote kwa mara moja, kwa sauti. Jina la Onesimo linatokea baada ya maneno gani, na kwa nini?
2. Katika maoni manne juu ya Onesimo, lipi linaeleza vizuri zaidi aya ya kumi na moja na ya kumi na nane?
3. Tafuteni mahali pa tatu panapotajwa moyo. Pangeni hoja ya Paulo kwa maneno yenu wenyewe.
4. Mwandikieni Paulo jibu la Filemoni, lisizidi ukurasa mmoja. Mhariri amekubali kuchapa lililo bora.
5. Nani anawafulia?

Ni mimi, ndugu yenu wa mwaka wa sita.